Mahali pa Kujenga: Habari za Mito na Ziwa katika Nchi Yetu

Kamati ya chama chetu imenitaka niandike kurasa chache katika kitabu hiki cha ukumbusho juu ya historia ya majengo yetu. Nami nilipokaa kuandika niliona ya kuwa historia ya jengo haianzi na tofali la kwanza. Huanza siku ile watu wawili watatu wanaposimama katika uwanja mtupu, mmoja wao akasema, "Na tujenge hapa." Neno hilo moja huamua mengi kuliko fundi, na kuliko fedha zote zilizokusanywa. Na kwetu sisi tukaao Bujumbura na pande zake, baina ya milima na Ziwa Tanganyika, ambako maji hutujia kwa njia mbili, kutoka juu na kutoka chini, neno hilo limepata kuwaponya watu na limepata kuwaangamiza.

Tena iko sababu ya karibu zaidi. Wasomaji wengi wajua ya kuwa chama kimepewa kiwanja cha wakfu ili pajengwe madrasa na nyumba ya mwalimu. Mtoaji ni mtu mwema, na nia yake haina shaka. Kiwanja chenyewe ni kipana, kimesawazika, ki karibu na barabara, wala hakikutugharimu kitu. Lakini pia ki hatua chache tu kutoka mtoni. Katika mkutano uliopita wazee waligawanyika: wengine walisema kukataa wakfu ni utovu wa adabu, wengine wakauliza nani atakayejibu ikiwa maji yatawakuta watoto darasani. Mimi siku ile sikusema kitu. Haya ninayoyaandika ndiyo maneno yangu.

Shida hii si ngeni kwa Waislamu. Mwaka 17 wa Hijra, yaani 638, jeshi la Saad bin Abi Waqqas lilikuwa limekaa al-Madain, mji wa wafalme wa Uajemi ukingoni mwa mto Dijla. Mji ulikuwa na majumba makubwa na bustani, na kila kitu kilikuwa tayari. Walakini wajumbe walipofika Madina, Sayyidna Umar aliwaona wamekonda na rangi zao zimegeuka. Alipouliza sababu akaambiwa kuwa ni hali ya nchi ile. Basi akamwandikia Saad atafute mahali patakapowafaa watu na ngamia wao, na pasiwe na bahari wala mto wa kuwatenga nao. Saad akawatuma Salman al-Farisi na Hudhaifa bin al-Yaman. Yasimuliwa ya kwamba mmoja alifuata upande huu wa mto Furati na mwenziwe upande wa pili, na kila mmoja alipita mahali pengi pasimpendeze, hata wakakutana Kufa, penye mchanga uliochanganyika na changarawe, mahali palipoinuka kidogo juu ya mto.

Ninapenda kuutazama mpango wa mambo yao. Kwanza walitumwa watu wenye akili na subira kwenda kuitazama ardhi, na Salman ni yule aliyekuwa na maarifa ya handaki la Madina, kwa hivyo udongo aliujua. Halafu walipopata udongo mkavu wakapima msikiti. Mpiga mshale hodari akasimama katikati, akatupa mishale pande zote nne, na watu wakaambiwa wajenge nyuma ya pale mishale ilipoangukia. Nyumba zilikuja mwisho, nazo kwanza zilikuwa za matete tu. Zilipoungua kwa moto ndipo Umar aliporuhusu matofali, kwa sharti mtu asizidishe vyumba vitatu wala asijenge kwa fahari. Leo sisi twaanza na ramani ya jengo na rangi ya mlango, halafu twatafuta uwanja wa kuutoshea mlango.

Misri nako ilikuwa vivyo hivyo. Amr bin al-As alipenda kukaa Iskandaria, penye majumba yaliyokwisha jengwa. Umar akauliza kama pana maji baina yake na Waislamu wa huko. Akaambiwa, naam, mto Nili unapofurika. Ndipo ulipojengwa Fustat kwenye ukingo wa mashariki, karibu na ngome ya Babiloni. Haki yataka niseme ya kuwa hofu ya Umar haikuwa ya gharika. Alifikiri njia ya jeshi na ya barua. Lakini swali lake ni jema kwa kila ajengaye kando ya mto: maji yakipanda, nani atakatwa na nani? Madrasa yaweza kusimama salama juu ya kilima, na watoto wakazama katika kivuko cha kuiendea.

Siku ya mkutano mzee mmoja aliniuliza pembeni, "Je, Makka si bondeni? Na Makka haikupigwa na mafuriko?" Swali ni la haki. Makka imo bondeni kweli, na mafuriko yameingia katika Msikiti Mtukufu mara nyingi. Mwaka ule ule wa 17 ilikuja gharika iitwayo Umm Nahshal, ikaling'oa Maqam Ibrahim mahali pake na kulichukua. Umar akatoka Madina, akalirudisha, akajenga boma la mawe juu ya mji ili kuyageuza maji. Mwaka 1630 gharika kubwa ilibomoa kuta za Al-Kaaba yenyewe, zikajengwa upya katika zama za Sultani Murad wa Nne. Mwaka 1941 yalijaa maji hata watu wakaonekana wakiogelea kuizunguka Nyumba. Lakini jibu langu kwa mzee yule lilikuwa hili: Nyumba ile haina pahali pengine. Mahali pake hapakuchaguliwa na kamati. Kwa hiyo watu hawakuwa na hiari ila kupigana na maji kwa maboma na mifereji, karne baada ya karne, kwa mali ya madola. Madrasa yetu haimo katika hali hiyo. Ardhi yote yafaa kuswalia na kusomea, na sisi hatuna mali ya dola.

Sasa niyaeleze ya kwetu, na kwanza ziwa, maana wengi hudhani ziwa ni kitu kilichotulia, kwamba ukingo wake ni mpaka uliowekwa tangu kuumbwa ulimwengu. Si hivyo hata kidogo.

Ziwa Tanganyika hupokea maji ya mito mingi, na mto mmoja tu huyatoa, nao ni Lukuga, upande wa Kongo, ambao huyapeleka kwenye Lualaba. Maji mengi zaidi huondoka kwa kukauka juani. Ikiwa mvua ni nyingi, au mdomo wa Lukuga umezibwa, ziwa hupanda. Na likipanda halishuki kwa mwezi mmoja, huchukua miaka. Cameron alipofika Lukuga mwaka 1874 aliukuta mdomo umezibwa kwa matete na majani. Miaka miwili baadaye Stanley, aliyepata kukaa Ujiji mwaka 1871 pamoja na Livingstone, alirudi Ujiji na hakuutambua ufuko. Miti mitatu aliyoiacha imesimama sokoni ilikuwa sasa ndani ya ziwa, yapata hatua thelathini kutoka ukingoni, na mchanga waliokuwa wakitembea juu yake asubuhi ulikuwa umefunikwa. Fikiri msiba wa watu wa Ujiji! Huo ulikuwa mji wa wafanyabiashara na wa misafara, wenye nyumba za udongo na vibaraza mfano wa pwani, na wenye nyumba za mbele walikuwa wakiyaona maji yakiwajia mwaka baada ya mwaka bila wimbi wala kishindo.

Kisha, kwenye mwaka 1878, kizuizi cha Lukuga kikavunjika. Hore, mmisionari aliyekaa Ujiji tangu mwaka huo, alikuwa akitia alama na kuona maji yakishuka. Thomson alipofika Lukuga mwishoni mwa mwaka 1879 aliukuta ni mto wenye nguvu, ukienda mbio. Katika muda wa miaka kama kumi na mitano ziwa likashuka yapata mita 10. Mita kumi katika ukingo wa mwamba si kitu cha kuonekana sana. Lakini katika ukingo wa tambarare ni nchi nzima mpya. Ujiji, uliokuwa ukilia kwa kufunikwa, ukaachwa mbali na maji. Hata leo mtu akienda kupatazama pale Livingstone na Stanley walipokutana, hushangaa akiuliza ziwa liko wapi.

Upande wetu wa kaskazini mambo yalikuwa hayo hayo. Burton na Speke walifika Uvira mwezi wa Aprili 1858 wakiutafuta mto utokao ziwani kwenda kaskazini, wakaambiwa na wenyeji ya kuwa Rusizi hauondoki bali huingia. Livingstone na Stanley wakaja wenyewe kwa mtumbwi, Novemba 1871, wakahakikisha. Kwa hiyo mto huu tunaouvuka kila siku kwenda Gatumba ulipata kuwa fumbo la mabingwa wa Ulaya, na wavuvi wa hapa walikuwa na jibu tangu zamani. Ila kuulizwa ndiko kulikochelewa. Nitalirudia jambo hili la kuwauliza wavuvi.

Sasa linganisha tarehe. Ziwa lilianza kushuka mwaka 1878. Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi Usumbura mwaka 1897. Yaani mji wetu ulianza kupimwa wakati ziwa limeshuka, na ukingo ulioonekana kuwa ndio ukingo ulikuwa nchi iliyotoka majini jana tu. Sehemu zote za chini ambazo haziinuki mita kumi juu ya maji ya miaka ile zilikuwa chini ya ziwa wakati Cameron alipopita. Askari, makarani na wachuuzi waliokuja na Wajerumani, wengi wao Waswahili wa Ujiji na wa pwani, walipewa viwanja au walijichukulia, na sidhani yupo aliyewaambia habari hii. Wazee wao huko Ujiji waliijua, lakini mtu akihama huacha nyuma mengi, na ujuzi wa maji ya mahali ni katika vitu vya kwanza kusahauliwa.

Nisiwadhulumu wazee kwa kusema hawakujua kuchagua. Mfano ninaoupenda ni Nyangwe, kwenye mto Lualaba. Wafanyabiashara waliotoka Unguja na pwani waliufanya mji katika miaka ya 1860 na 1870, ukingo wa kulia, juu ya ngema ya udongo mwekundu iliyoinuka kama mita 12 juu ya mto. Cameron, ambaye hakuwapenda sana wenyewe, aliwasifu kwa kupachagua: vijiji viwili juu ya mgongo wa nchi, na baina yao bonde dogo lenye majimaji, nalo wakalifanya mashamba ya mpunga. Nyumba juu, mpunga chini. Hawakuligombania bonde wala hawakuliacha bure. Walilipa kazi inayolifaa. Ni kweli pia ya kuwa mji ule ulikuwa soko la watumwa, na tarehe 15 Julai 1871 Livingstone aliona kwa macho yake watu, wengi wao wanawake, wakipigwa risasi sokoni na watu wa mfanyabiashara mmoja, na wengine wakizama mtoni kwa kukimbia. Sipendi kuisifu ngema bila kulitaja hilo. Waliokuwa na busara ya udongo hawakuwa na busara ya wanadamu, na mwaka 1893 mji ukatekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo, ukafifia.

Narudi Bujumbura. Mji wetu umelala chini ya milima mikali, na kutoka milimani huteremka mito mifupi: Nyabagere, Ntahangwa, Muha, Kanyosha, na mingineyo. Kwa miezi mingi mtoto aweza kuvuka bila kulowesha magoti. Mvua ikinyesha juu kwa saa mbili, hushuka maji mekundu yenye kuvingirisha mawe makubwa, na mngurumo wake husikika kabla mto haujaonekana. Mto wa namna hii, ufikapo tambarare, hupoteza mbio zake ghafula na kuutua mzigo wake, mawe kwanza, halafu mchanga, halafu tope. Mwaka kwa mwaka mzigo huo huinua kitanda cha mto mpaka kikawa juu kuliko nchi ya kando, na siku moja mto huacha kitanda chake na kujitafutia kingine. Hivyo ndivyo nchi ya chini ya milima ilivyofanyika, ikatandazwa mfano wa upepeo. Inapendeza machoni kwa sababu imesawazika. Na kilichoisawazisha ni mafuriko.

Ntahangwa una tabia nyingine tena. Katika sehemu kubwa ya mji haufuriki sana, bali huchimba. Umekata korongo refu, na kingo zake za mchanga huanguka vipande vipande na nyumba zilizo juu. Wakazi wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu na Waswahili uliopangwa zama za Wabelgiji, wenye njia zilizonyooka kama mistari ya daftari na kutajwa kwa namba, wanaujua mto huu kama mtu amjuavyo jirani mkorofi. Gatumba maji huifuata nyumba. Ntahangwa nyumba ndiyo huyafuata maji. Tena sisi wenyewe tunausaidia mto: milima imefyekwa miti, mchanga na mawe ya kujengea huchimbwa kitandani mwake, na kila bati jipya humimina chini kwa dakika chache maji ambayo zamani udongo uliyanywa kwa siku nzima.

Mwisho wa mwaka 1961 zilikuja mvua ambazo wazee wa Afrika ya Mashariki wote walizikumbuka. Ziwa Viktoria lilipanda karibu mita mbili na nusu katika miaka mitatu, na Tanganyika nalo likapanda hadi kufika kilele chake mwaka 1964. Burundi ilikuwa imepata uhuru Julai 1962, watu walikuwa na mengine ya kufikiri, na maji yalikuwa yakiingia katika sehemu za chini za mji na bandari. Halafu ziwa likashuka polepole. Kizazi kilichokuja baadaye kikaona mchanga mtupu, kikasema, "Hapa ni pazuri, pana upepo." Yakajengwa majumba Kajaga na Kibenga, tena ya watu wenye elimu na mali, kwa hiyo mtu asiseme kuwa ni ujinga wa maskini. Sheria ya maji ya mwaka 2012 ilikataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ziwani. Nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha simama, na nyingine ziliendelea kusimamishwa.

Mambo yaliyofuata wasomaji wameyaona, nami nitayataja kwa ufupi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 mvua kubwa ilipiga vitongoji vya kaskazini vya Bujumbura. Tope na mawe vilishuka Kamenge, Kinama na jirani zake, wakafa watu zaidi ya 60, wengi wakiwa wamelala. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulipasuka katika mji wa Uvira, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Uvira ni mwembamba, umebanwa baina ya mlima na ziwa, na umejengwa juu ya nchi ile ile ya upepeo niliyoieleza. Na mwezi huo huo wa Aprili Rusizi ulivunja kingo zake ukaingia Gatumba.

Hapa yanipasa kukiri jambo langu. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alinunua kiwanja Gatumba miaka michache kabla ya gharika ile. Nilikuwa shahidi wa kununua. Ilikuwa kiangazi, ardhi ngumu kama sakafu, ng'ombe wakilisha, na bei yake ilikuwa nusu ya bei ya mjini. Nilikisifu kiwanja kwa kinywa changu. Alikuwapo mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akitengeneza nyavu karibu na hapo, alitutazama akasema, "Hapa viboko hulala." Tulicheka, tukadhani atutisha ili tumpe kitu. Hatukufikiri ya kwamba neno lake lilikuwa habari ya maji. Shemeji akajenga nyumba ya vyumba vinne kwa rukarakara, matofali mabichi ya jua, akapiga lipu nje, ikapendeza.

Maji yalipoingia hayakuja kwa nguvu. Yalipanda taratibu, yakasimama kiasi cha kiuno cha mtu, wala hayakuondoka. Sababu yake niliielewa baadaye: mwaka ule ziwa lenyewe lilikuwa juu, na mto ufikapo ziwa lililojaa haupati pa kumwaga, hurudi nyuma na kutandaa. Tofali bichi huvumilia mvua ya saa moja. Kusimama ndani ya maji siku mbili haliwezi. Ukuta ulilegea kutoka chini, ukakaa kama ngamia apigaye magoti, na paa likashuka zima juu yake. Watoto walikuwa wamekwisha tolewa, alhamdulillahi. Dada yangu alikaa katika mahema miezi mingi. Hajapata kunilaumu, na mimi hilo limenilemea kuliko lawama.

Maji yalirudi Gatumba katika miaka iliyofuata, na mwaka 2024 ziwa likapanda tena kiasi cha kulinganishwa na mwaka 1964. Kwa hiyo neno "gharika ya ajabu isiyopata kuonekana" si neno la kweli kwetu. Imepata kuonekana. Ni sisi tusiokuwapo, au tuliokuwapo tukasahau.

Tangu siku ile nimekuwa nikijifunza namna ya kuutazama uwanja, na nimewauliza wavuvi, wachimba visima na wakulima wa mpunga, watu ambao mpimaji mwenye vyombo vyake huwapita bila salamu. Wao hutazama majani kwanza: matete na mafunjo hayamei mahali pakavu, na hata yakifyekwa mizizi hubaki, hivyo ukichimba utaiona. Hutazama miti ya zamani, kama matawi ya chini yamenasa takataka kavu, majani na vitambaa, zote kwa kimo kimoja. Kimo hicho ndicho kimo cha maji. Huuliza jina la mahali kabla halijabadilishwa na wauzaji, maana mahali pakiitwa kwa jina la kinamasi au la chura, waliopaita walikuwa na sababu. Huchimba shimo. Mawe ya duara yaliyolainika hayakutengenezwa na mvua ya hapo. Yalisafiri na mto. Na zaidi ya yote hawanunui kiangazi. Mkulima mmoja wa upande wa Mpanda aliniambia, "Kiwanja ni kama mchumba, mwende umwone siku ambayo hakujipamba." Yeye hununua mwezi wa Aprili, akiwa na jembe begani na miguu mitupu.

Basi juma lililopita nilikwenda katika kiwanja chetu cha wakfu pamoja na wajumbe wawili wa kamati, mmoja katika wanaokitaka na mmoja katika wasiokitaka, ili asitokee wa kusema nilikwenda na macho ya upande mmoja. Tulitoa salamu kwa jirani, mama mtu mzima auzaye mkaa, tukamwomba jembe. Alitupa, halafu akasimama kututazama. Pembeni mwa kiwanja pana mkuyu mkubwa. Katika matawi yake, juu ya kichwa cha mtu mrefu, palikuwa na majani makavu yaliyonasa, na kipande cha mfuko wa saruji. Tulichimba katikati ya uwanja. Mpaka magotini ulikuwa udongo mweusi, mzuri sana, laini kama unga. Mpaka kiunoni ukawa mchanga. Chini ya mchanga jembe likalia, tukatoa mawe ya duara, mengine makubwa kama kichwa cha mtoto. Tulimwuliza yule mama kama mto umepata kufika hapo. Alisema kwamba yeye ana miaka kumi na miwili tu mahali hapo, na umefika mara mbili. Waliokaa zamani ndio wanaojua vizuri, lakini wamehama.

Mjumbe yule anayekitaka kiwanja hakusema neno njia nzima ya kurudi. Tulipofika mjini akaniuliza kama wakfu wawezekana kuwa shamba. Nikamwambia kuwa hilo ni la kuulizwa mashekhe, na la kuulizwa mtoaji mwenyewe, kwa adabu na kwa uso kwa uso. Lakini mimi sioni ubaya ikiwa udongo ule mweusi utapandwa mpunga na mboga, na mapato yake yakalipa mshahara wa mwalimu, na madrasa ikajengwa juu, katika kile kiwanja kidogo cha mawe kilichotajwa mwaka jana, ambacho tulikiacha kwa sababu ya bei yake na kwa sababu ya kupanda kwake. Atoaye wakfu hutaka thawabu idumu. Hakuwa na sharti ya kuwa lazima idumu kwa matofali. Ama fedha za kile kiwanja cha juu hatunazo zote, na hilo sitaki kulificha. Itabidi tuchange tena, na wako watakaonung'unika, na ujenzi utachelewa mwaka mmoja au miwili. Watoto wataendelea kusoma barazani kwa mwalimu kama wasomavyo sasa.

Mkutano wa kulikata shauri hili utakuwa baada ya sala ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao. Jiwe moja katika yale tuliyoyachimbua nimeliweka juu ya meza ya katibu, pamoja na kile kipande cha mfuko wa saruji tulichokiangua mtini kwa ufito. Mwenye kutaka aje avitazame kabla ya siku hiyo. Mlango hufunguliwa baada ya alasiri.